Wapiga Mieleka wa Timu ya Taifa

Jumanne, 10 Desemba 2013
Nimechoka. Mimi ndiye kocha wa raga wa taifa jipya, na wachezaji hawatoshi. Wiki ijayo tunacheza na timu ya Waganda wa hapa mjini, inayofundishwa na Kato, muuza vipuri wa soko la Konyo Konyo. Tukifungwa, chama cha raga kinampa Kato kazi yangu. Ameshaanza kunisalimia kwa huruma. Lakini nimepata dawa: wapiga mieleka! Nimewasajili Ajak na Thok, marafiki wasioachana.

Jumamosi, 14 Desemba
Mazoezi, uwanja wa Buluk. Ajak alimbeba mtu akamlaza chini, safi kabisa. Kisha akainua mikono na kucheza ngoma. Kwao mtu akilala, pambano limekwisha. Shangazi zake wakaingia uwanjani wakiimba, wakampaka unga. Nyuma yao mpira ukaokotwa, ukaenda kufungwa. Nikamkataza Ajak ngoma yake. Akauliza, kwa upole, asipoicheza watu watajuaje kwamba ameshinda. Thok akamuunga mkono. Kato alikuwepo. Alicheka hadi akakaa chini.

Jumatatu, 16 Desemba
Risasi tangu jana usiku. Niko chini ya kitanda. Naogopa sana. Simu hazishiki. Najipa moyo kwamba Kato naye hafanyi mazoezi.

Alhamisi, 19 Desemba
Kumetulia kidogo. Ajak amekuja, macho mekundu. Anasema watu wa kabila la Thok wanasakwa nyumba kwa nyumba, na wanaowasaka ni wa kabila lake yeye. Hajui Thok yuko wapi. Nimempa chakula, hakugusa.
Ujumbe wa Kato: “Kocha, uko mzima? Mimi iko Kampala. Kama iko shida kuja, kitanda iko.” Amekimbia mechi, basi. Nimekiandikia chama kwamba tumeshinda.

Jumapili, 22 Desemba
Thok yu hai! Yuko kambi ya Umoja wa Mataifa. Ajak hawezi kwenda: waliomo wamefiwa, watamwona adui tu. Amenituma na sukari. Thok aliipokea kwenye seng'enge, akauliza kama Ajak anakula. Nikasema kidogo. Akaukumbatia ule mfuko, akageuka pembeni. Nililia, naandika bila aibu.
Nyuma yake walikaa vijana wenye mabega mapana, kutwa juani, hawana la kufanya. Nikamuuliza kama wana mbio.
Akasema: “Kocha, kalas, imetosha. Nenda nyumbani.”
Hakusema hapana. Kesho napeleka mpira.