Harufu ya Kumkaribisha Baba

Jumatatu, 7 Oktoba

Mama kapiga simu. Kaka Man-gi kabadilishwa nyonga hospitalini, kupiga magoti hawezi. Kwa hiyo kumbukumbu ya Baba ya mwaka huu, tarehe kumi na saba, itafanyika kwangu. Kwangu! Mimi Tak Man-shik, mtoto wa pili, ambaye tangu nipate akili nimesimama nyuma ya mgongo wa Kaka, akiinama nainama.

Mama kasema mambo yakienda sawa, kumbukumbu itabaki kwangu moja kwa moja, pamoja na picha ya Baba na kikombe chake cha shaba. Yakienda kombo, kila kitu kitarudi kwa Kaka na tusilizungumze tena.

Baba alipokuwa hai hakuwahi kukanyaga nyumba hii. Nilimwalika mara tatu. Mara ya kwanza alisingizia mvua, ya pili mgongo, ya tatu hakusingizia kitu. Sasa ni roho, mgongo hana. Mlango utaachwa wazi, udi utawashwa, na ataingia kwangu walau mara moja. Nalitaka hilo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na naandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia.

Tatizo ni harufu. Miaka minne iliyopita nilianzisha biashara ya samaki taa, yule wa kwetu Yeongsanpo anayevundikwa mpaka achome pua. Mitungi ishirini barazani. Wateja walikuwa wawili, mmoja wao mimi. Mitungi nimeshaitupa lakini harufu imekataa kuhama, imeingia mpaka kwenye karatasi za ukutani. Mimi siisikii, pua yangu ilikufa kazini. Kaka ndiye aliyekuja mwezi wa sita, akasimama mlangoni, akasema kwangu kunanuka choo cha stendi. Wali wake akaenda kuula garini. Akutukanaye hakuchagulii tusi.

Nina mpango.

Jumatano, 9 Oktoba

Sikukuu, lakini duka lilikuwa wazi. Nimenunua kifukizo cha umeme! Kidogo kama kichwa cha kitunguu, cheupe, kina taa ya buluu. Unatia maji, unadondoshea mafuta ya mimea, kinatoa mvuke. Muuzaji kaniambia matone matano. Huyo hajawahi kuvundika samaki taa. Nimetia matone hamsini ya mkaratusi.

Saa kumi jioni kipaza sauti cha ukutani kikalia nyumba zote za jengo. Bibi Pyo, mwenyekiti wetu, anayekaa ghorofa yangu. Alitangaza kwamba ghorofa ya tisa kuna mtu anajichua dawa kwa wingi usio wa kawaida, na kama ni mgonjwa majirani wako tayari kumsaidia, na kama si mgonjwa aache.

Mke wangu Ok-bun karudi kutoka kazini, macho yakamtoka machozi mlangoni. Hakuwa na huzuni yoyote. Ni mkaratusi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo mchaichai. Niliuwasha tangu asubuhi nikakaa kumsubiri Ok-bun anipe matokeo, kwa kuwa pua ya nyumba hii ni yake. Kavuta pumzi mara moja. Kasema zamani kulinuka choo, sasa kunanuka choo alichokojolea mtu aliyekunywa ndoo ya limau.

Nikawaka. Nikamwambia amezidi kunikatisha tamaa, kwamba tangu leo mdomo wake ubaki kwenye sufuria na mashine ajue ni yangu. Hata nyumba ikinuka moto, asinieleze! Akanitazama. Akajibu, “Haya, Baba Se-rin. Umesema mwenyewe.” Tangu hapo kimya. Hatimaye nimeheshimiwa.

Usiku Kaka akapiga simu, sauti ya asali. Eti nisijisumbue, tunaweza kuiweka meza ya Baba hata kando ya kitanda chake hospitalini, manesi ni watu wema. Nikamwambia nyumba yangu inanukia kama bustani. Kaka akauliza bustani iliyowekwa mbolea lini.

Kwa ndugu yangu huyu hata pole inachoma.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimerudi dukani na kuomba mafuta ya bei ya juu kabisa, ambayo Kaka na watu wa hali yake hawajawahi kuyanusa. Msichana akanitolea kichupa chenye kifuniko cha dhahabu na maandishi ya kigeni. Kuna picha ya kitu cha duara, chekundu kwa mbali. Waridi, au jua linazama. Alitaka kunieleza ni harufu ya nini nikamkata kauli, mimi si mtoto. Nilimuuliza tu kama watu wanaipenda. Kasema hakuna aliyewahi kuirudisha.

Kichupa kilivuja kidogo mfukoni. Ndani ya lifti nikakutana na Bibi Pyo. Akanusa. Akatabasamu! Miaka sita sijawahi kuyaona meno ya mwanamke huyo. Akasema afadhali hii, inamkumbusha kiangazi utotoni.

Ushahidi gani mwingine nautaka?

Jumatano, 16 Oktoba

Ok-bun kaomba ruhusa kazini siku mbili ili apike. Nimemsimamia sana. Nimekagua mifuko yote ya sokoni, nikamkumbusha miiko ya meza ya marehemu kana kwamba ni bi harusi wa jana. Kitunguu saumu marufuku. Pilipili marufuku. Na pichi, pichi hasa! Hata kokwa yake isipite mlangoni. Kila mtoto anajua roho ikinusa pichi haiingii ndani, inageuza. Peasi ruhusa, tufaha ruhusa, persimoni ruhusa.

Wakati namhutubia kifukizo kilikuwa kinafanya majaribio juu ya kabati, mafuta mapya, mvuke mzuri. Ok-bun akakitazama kifukizo. Akanitazama mimi. Akafungua mdomo, nikamwonyesha kidole: sufuria. Akauliza neno moja tu, kama nina uhakika. Nikamwambia sijawahi kuwa na uhakika kama leo.

Akarudi kukaanga huku akiimba taratibu. Hajaimba tangu mitungi ilipoingia. Naona hata yeye ameanza kuona fahari ya kuwa mke wa mwenye kumbukumbu. Kila mwaka atakuwa anapika hivi!

Alhamisi, 17 Oktoba

Nitaandika yote.

Saa moja jioni. Meza imepangwa, picha ya Baba katikati, samaki kichwa mashariki, matunda yamemenywa juu. Kaka, aliyeruhusiwa na hospitali kwa jioni moja, kaingia na gongo lake ameziba pua, akaketi kitini kando ya Mama, akaiachia, akanusa. Hakutukana. Kaka Man-gi, hakutukana! Ningekufa dakika ile ningekufa mshindi.

Nikafungua mlango wa nje. Nikawasha udi. Nikaweka kifukizo karibu na udi, kikielekea mlangoni, nguvu ya mwisho, ili Baba apokelewe tangu kwenye lifti. Nikammiminia Baba pombe ya mchele kwenye kikombe cha shaba. Nikainama mara ya kwanza, paji la uso sakafuni, na kwa mara ya kwanza maishani sikuona mgongo wa mtu mbele yangu.

Mama akasema, “Nani kaleta pichi humu?”

Nikajibu kutoka sakafuni kwamba hakuna pichi, nimekagua mwenyewe. Mama akasema ana miaka themanini na moja na pichi anaijua. Kaka akaanza kuinua mboga za mezani kwa gongo. Akachungulia friji. Akachungulia pipa la taka. Mimi nikachungulia chini ya meza, nikaapa kwa jina la Baba mbele ya Baba. Ok-bun alisimama mlangoni pa jiko na kijiko, kimya, mdomo kwenye sufuria.

Mama akaifuata pua yake polepole mpaka penye udi. Akainama juu ya kifukizo. Mvuke ukampiga usoni.

Akasema, “Ee mume wangu. Amekufungia mlango kwa mashine.”

Kisha akatoka na soksi zake mpaka kwenye lifti. Tulimsikia akiongea na ukuta: “Baba Man-gi, usiondoke. Ni ujinga wa mtoto, si chuki. Subiri kidogo, tunapepea.” Lifti ikafunguka. Akatoka Bibi Pyo na mifuko ya sokoni. Mama akamwinamia, akamwuliza kama huko chini amepishana na mzee mrefu mwenye hasira. Bibi Pyo, kwa adabu, akasema hapana.

Tulipepea kwa magazeti nusu saa. Wali ukapoa. Kaka hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alinipapasa bega kama anavyopapaswa mgonjwa, akaifunga picha ya Baba kwenye kitambaa, akatia kikombe mfukoni.

Walipoondoka nikamgeukia Ok-bun. Ulijua! Akasema alijua tangu Jumatatu, kwenye mfuko wa koti langu. Kwa nini hukusema? Akasema niliamuru mdomo wake ubaki kwenye sufuria, na yeye ni mke mtiifu. Amelala saa hizi, anakoroma vizuri sana.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimempigia Mama kuomba radhi. Kasema imekwisha, kumbukumbu imerudi kwa Kaka, nisilie.

Halafu akauliza ile harufu ya taa niliitoa ya nini. Nikamwambia ili Baba asione aibu kuingia. Akasema, “Man-shik, ule mtungi wa taa uliomtumia baba yako mwaka wake wa mwisho. Aliula mwezi mzima, peke yake, pua inamchuruzika. Hata mimi alininyima. Alisema Man-shik anajua kitu kimoja, ila hicho anakijua sawasawa.”

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Kasema sikuuliza. Kasema Baba angeifuata harufu ile hata bila udi, angeingia mwenyewe mpaka chumbani.

Nimekaa barazani palipokuwa na mitungi. Nimenusa ukuta. Sisikii chochote, pua imekufa. Imeniuma sana.

Jumapili, 20 Oktoba

Ok-bun kaniletea chai na wazo. Eti nivundike taa mmoja tu, mtungi mdogo, Mwaka Mpya, Baba akialikwa tena, niupeleke kwa Kaka niuweke mbele ya picha yake. Mama atafurahi, Baba atajua ni wangu. Alisema kwa upole mpaka nikamshangaa.

Nikamwambia wanawake hawajui mambo haya. Nibebe mtungi niende kusimama tena nyuma ya mgongo wa Kaka, Baba ale chakula changu akiwa kwa Kaka? Nina wazo bora. Nilishangaa halikunijia mapema!

Nimetoka dukani sasa hivi. Nimenunua kifukizo cha pili, kikubwa zaidi, zawadi ya Mwaka Mpya kwa kaka yangu mpendwa. Kile kichupa cha kifuniko cha dhahabu bado kina robo tatu, nitayamimina yote ndani ya zawadi kabla ya kuifunga. Kaka hakatai cha bure, na mbele ya wageni atakiwasha mwenyewe. Msichana wa dukani amenipa utepe wa kuifungia, kisha akaniuliza kama huyo ndugu ni mtu ninayempenda sana.

Baba atafika kwa Kaka, atanusa, atageuza. Atasimama kwenye lifti ya Kaka kama alivyosimama kwenye yangu. Hapo ndipo tutakuwa sawa, wana wawili wa baba mmoja.