Gari la Umeme la Idara ya Utulivu Barabarani

Idara ya Utulivu Barabarani ilitangaza kwa fahari kuu kwamba, baada ya vikao kumi na tisa na semina elekezi moja ya ufukweni, ilikuwa tayari kuchagua gari la umeme la kuwapeleka watumishi kazini na kuwarudisha. Tangazo lilichapwa na Demetria, katibu wa kamati, ambaye aliamka kila siku saa kumi alfajiri kule Bunju ili saa mbili awe mezani mjini. Hakuna aliyelihitaji gari lile kuliko yeye. Kwa hiyo, kuepusha mgongano wa maslahi, hakupewa kura.

Saifuddin, muuza magari, alileta mawili. La kwanza lilikuwa dogo, jeupe, la mraba kama jokofu.

"Chaji moja, Bunju mpaka mjini, kwenda na kurudi mara mbili," alisema. "Foleni haliiogopi."

La pili lilikuwa refu, jeusi, lenye viti vinavyokanda mgongo. "Hili mie siwafichi. Betri imechoka."

Mkurugenzi, Bwana Alfonsi, alilitazama lile dogo kwa huruma. "Hili likipita, nani atajua kwamba nimepita?"

"Ni la watumishi, bosi," Demetria alikumbusha.

"Kwani mimi si mtumishi namba moja?"

Kamati ikaona hoja ina mashiko.

"Na hiyo betri itafika wapi?"

"Demetria, mama, uongozi haupimwi kwa kilomita. Andika: gari jeusi limekidhi vigezo vya mwonekano."

Akaandika. Moyoni alihesabu miaka iliyobaki kabla hajastaafu, yote ya kuamka saa kumi.

Uzinduzi ulifanyika Ijumaa asubuhi, Bunju, mbele ya waandishi wa habari. Alfonsi alishika usukani mwenyewe, kamati ikajipanga nyuma, kiyoyozi kikipuliza, viti vikikanda. Saifuddin akafuata na kale kadogo, eti anakarudisha tu dukani. Walipofika Kawe gari jeusi likazima kwa utulivu wa kupigiwa mfano, katikati ya barabara.

"Sukumeni!"

Kamati ikashuka na tai zake. Gari halikutikisika hata kwa adabu. Dereva wa bodaboda akachungulia dirishani. "Mzee, limekufa au mmepaki?"

Honi zilipozidi, Alfonsi alijikunja ndani ya gari la Saifuddin, magoti yakiwa jirani na masikio. Mwandishi akapenyeza kipaza sauti. Matangazo yalikuwa mubashara.

"Mkurugenzi, mlilochagua ni lipi? Lile lililolala au hili?"

Alfonsi aliitazama kamati yake ikihema. "Hili," alisema. "Lile tulilileta makusudi, wananchi waone madhara."

"Na hili ni la nani?"

"La watumishi wote wa njia ya Bunju," Demetria alijibu haraka, akipanda kiti cha nyuma.

"Hata wewe mkurugenzi utapanda nao?"

Alfonsi alijaribu kunyoosha magoti, akashindwa. "Kiongozi ndiye wa kwanza kupanda."

Jumatatu ufunguo alikabidhiwa Demetria, kwani ilibainika leseni ya mkurugenzi ilikwisha muda miaka sita iliyopita. Siku hiyo Demetria alilala mpaka saa kumi na moja na nusu, akanywa chai amekaa. Njiani, Tegeta, alimkuta Alfonsi amesimama kando ya barabara, mkoba mkononi.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Fungua mbele."

"Mbele yupo Bupe wa mapokezi, bosi, amekuwahi. Pita huku nyuma, mkoba utaupakata."