Wiki ya Kumrudisha Kibibi

Jumatatu, 14 Julai

Ukungu mpaka mlangoni. Na hapo mlangoni kakaa mwanangu na kofia yake ya sufu, anamngoja bibi yake. Mimi nipo nyuma yake na uji. Hageuki.

Nilimpeleka kijijini Lukozi kwa mama mkwe akaachishwe ziwa. Ndivyo tunavyofanya wote huku: mtoto anakwenda kwa bibi, analisahau ziwa, anarudi. Nikasema wiki mbili. Ikaingia palizi ya viazi. Mume wangu Hamza akasema ngoja tuvune. Tukavuna, zikaja karoti. Basi karudi juzi. Ziwa kalisahau kweli. Na mwenye ziwa kamsahau. Ananiita shangazi!

Mama mkwe kasema atakuja Jumapili kuangalia. Akikuta mtoto bado ananikataa, anarudi naye, akae huko mpaka umri wa shule. Hamza kasema sawa. Sawa! Yeye anapakia kabichi kwenye malori ya Dar, analala huko huko. Anajua nini?

Hata kumgombeza siwezi. Ana jina la mkwe wangu, Hawa. Nani atasimama uani apaze sauti, Hawa, acha ukaidi wako! Ndiyo maana namwita Kibibi.

Lakini nina akili. Kanga aliyokuja nayo ya bibi yake sijaifua makusudi. Inanuka moshi na ugoro. Nikajifunga, nikainama jikoni kama bibi, nikakohoa kama bibi. Akaja mbio! Akazika uso mgongoni kwangu, akacheka. Ee Mungu, raha ile! Halafu akazunguka mbele, akaniona.

Alipiga ukelele mpaka jirani yangu Sesilia akaja uani kuuliza tumemchinja nani.

Jumanne, 15 Julai

Kliniki. Nesi anasema Kibibi ana uzito mzuri. Bila shaka, uzito wa Lukozi. Nikamweleza shida yangu. Akasema nisimlazimishe. Nikae karibu, niendelee na kazi zangu, akinitazama nimtazame, akicheka nicheke. Akaongeza kwamba mtoto akiogopa humkimbilia yule anayemwona ndiye ngome yake, na ngome haijengwi siku moja. Alisema na mengine lakini nilikuwa nimeshapata ninalolitaka.

Akiogopa, hukimbia kwa mama. Basi aogope!

Njiani nilimkuta Sesilia na mtoto wake Aron mgongoni. Aron hashuki. Sesilia anaoga naye, anakwenda naye kwaya, chooni naye. Akaniambia kwa sauti ya huruma, ile ya kuombea wagonjwa, Mama Kibibi, pole, watoto wana macho, mwaya. Wana macho maana yake nini? Nilimjibu asante. Nyumbani ndipo nilipokumbuka jibu zuri, nikalisema peke yangu jikoni.

Jumatano, 16 Julai

Sesilia ana bata mzinga. Dume, jekundu shingoni, lina hasira kama dalali wa mboga aliyekosa mzigo. Nikamwomba alilete uani kwangu lile makombo ya kabichi. Sikumwambia zaidi.

Nilipanga hivi. Kibibi katikati ya uwanja. Bata mzinga upande ule. Mimi upande huu, nimechuchumaa, mikono wazi. Bata akivimba, mtoto anaogopa, anakimbia, ananiangukia kifuani.

Bata akavimba. Kibibi akamtazama. Akampa jani la kabichi.

Huko Lukozi sijui wanafuga nini!

Nikasema ngoja nimchokoze kidogo kwa fagio. Kidogo tu! Lile dume likanijia mimi. Nilikimbia, kandambili moja huku, nyingine kule, nikapanda juu ya kuni, likanifuata, nikapiga mayowe. Aliyeogopa akawa Aron. Akateremka mgongoni kwa mama yake, akazunguka, akamkumbatia shingo, Mamaaa! Sesilia akambusu huku ananitazama nikiwa juu ya kuni. Hila yangu ilifanya kazi vizuri sana, ila kwa mtu mwingine.

Na Kibibi? Alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu arudi hajacheka ila ile siku ya kanga, anakuja kunicheka mimi mama yake mbele za watu. Nikamnunia. Akanisogelea mpaka kwenye kuni, akaniokotea kandambili moja. Sikuipokea. Nilikuwa na uchungu.

Ijumaa, 18 Julai

Jana sikuandika. Nilishika peremende, yeye akashika mlango.

Leo nimechoka. Nimesema basi, achukuliwe. Pengine mimi si wa kupendwa na mtoto. Pengine Mungu aligawa mapenzi akanipa karoti.

Maana karoti zipo. Gunia zima la kuosha kabla dalali hajapita, kwenye karai, maji ya mtoni, baridi inauma mpaka mfupa. Nikakaa kwenye kigoda nikaosha. Machozi yakawa yanadondoka humo humo karaini. Sikuita mtu.

Mara, chubwi! Karoti imeingia karaini. Sikuirusha mimi. Nikaosha. Chubwi, nyingine. Nikatazama pembeni: Kibibi, mikono imeiva kwa baridi, anazitoa guniani moja moja ananitilia. Nikaosha, akatia. Akaanza kusugua na yeye. Akaniambia, shangazi, chafu hii. Nikasema kweli, chafu.

Zilipokwisha alikuja nyuma yangu, akaniegemea mgongoni na mwili wake wote. Akalala. Nilikaa pale mpaka mguu ukafa ganzi, dalali akaja akaita, sikuitika. Aende.

Sasa nimepata siri. Ni karoti! Mtoto anapenda karoti. Wiki nzima nahangaika na bata mzinga wa watu, kumbe dawa iko shambani kwangu!

Jumapili, 20 Julai

Moyo wangu.

Mama mkwe alifika asubuhi, na Hamza naye kapanda kutoka Dar. Nikapiga magoti, shikamoo Mama. Alipoitikia marahaba macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye sketi yangu. Kibibi alikuwa ameishika! Alimkimbilia bibi yake, akamsalimia, kisha akarudi akaishika tena. Mama akacheka, akasema, haya, nimeona, mtoto amefika nyumbani, nipeni chai nirudi kwa mbuzi zangu.

Hapo ilikuwa imekwisha. Chai tu ilibaki!

Lakini Sesilia alikuwa amesimama uani na Aron wake, na uso ule ule wa watoto wana macho. Nikasema nitamwonyesha leo. Nikasema Mama, tujaribu kabisa, ili Hamza asije akasema hakuona. Wewe simama pale njiani, mimi hapa, mtoto katikati, tumwite.

Mama akasema, mwanangu, mtoto si mbuzi wa mnadani. Nikasema dakika moja tu, Mama. Hamza akasema, Saumu, acha. Ningeacha! Ningekunywa chai!

Nikaleta beseni la karoti, zimeoshwa zinang'aa. Nikalitikisa. Kibibi! Karoti! Njoo kwa mama! Sesilia akaanza kupiga makofi, sijui alikuwa ananisaidia au la. Aron naye makofi. Nikapaza zaidi, nikapiga beseni kama ngoma. Kibibi akasimama katikati anatutazama. Mdomo ukaanza kutetemeka. Akaziba masikio.

Nesi alisema akiogopa atamkimbilia aliye ngome yake.

Akamkimbilia Mama. Alimganda shingoni, hatukuweza kumbandua, mimi wala Hamza. Mama mwenyewe aliona haya, hakunitazama. Akasema basi, kwa leo niende naye, apoe. Wakapanda gari la Lukozi. Mimi nimesimama na beseni.

Sesilia aliniletea maharage jioni. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Jumatatu, 21 Julai

Nyumba kimya.

Mama kampigia Hamza simu. Kibibi kalala vizuri. Alfajiri kazunguka nyumba nzima, kachungulia nyuma ya mlango, nyuma ya pipa, akauliza, shangazi yuko wapi?

Nililia, nikacheka, nikalia.

Mama anasema niende Ijumaa. Nisimletee kitu, nisimwite, nisimchezeshe. Nikae jikoni nimenye viazi, basi, atakuja mwenyewe. Akarudia mara ya pili ili Hamza anifikishie vizuri: mikono mitupu.

Nimeelewa. Safari hii nimeelewa kabisa. Nimeshapata mtoto wa sungura, mweupe. Na mua laini, na kingoma kidogo cha kopo nilichotengeneza leo. Mikononi sitashika kitu, kama alivyosema Mama. Nitavibeba mgongoni. Mgongo wenyewe si uko wazi?