Gradobran Afe Kwanza

Jumatatu, 3 Juni

Baba Gerasim ameagiza niandike dhambi zangu kila zinapotokea, maana nikiungama kwa mdomo huwa nasahau zile tamu. Haya, Baba. Za zamani tulizimaliza wakati wa Kwaresima. Hizi ni za wiki hii, bado za moto.

Daktari kanisikiliza moyo. Kauliza kama nina mipango yoyote ya msimu wa zabibu. Nikasema ninayo. Akasema nisiwe nayo.

Sikuhuzunika kwa ajili yangu. Nina miaka themanini na minne, nimefundisha Kilatini mpaka lugha yenyewe ikanichoka. Nilimhuzunikia Gradobran. Nilimbuni nusu karne iliyopita katika jarida la katuni la vijana: siku za jua ni Toma Gradev, mhandisi mpole, mawingu yakitanda anavaa joho la bati na kupaa, akikinga mizabibu ya Asenovgrad na mvua ya mawe. Maneno yote ni yangu. Michoro ni ya Metodi Chakarov, anayekaa juu yangu, ghorofa ya tatu, na ambaye tangu siku ile anajiita baba wa Gradobran. Baba! Mkunga, labda.

Sasa Gradobran anaishi mtandaoni. Radostina, mfamasia wetu, ameanzisha hadithi ambayo wasomaji ndio waamuzi. Kila Jumapili wanapiga kura shujaa afanye nini. Wapo wengi, nchi nzima. Wengine wamemtengenezea mchezo wa simu, wengine wanashona majoho na kutembea nayo sokoni bila haya.

Nikitangulia mimi, Metodi atabaki naye peke yake. Tayari anataka kumwoza kwa Bibi Ukungu, mwanamke wa nywele za kijivu aliyemchora bila hata kuniuliza.

Kwa hiyo Gradobran afe kwanza. Kwa mkono wangu, na kwa heshima. Kura ni Jumapili.

Dhambi: kijicho. Kidogo.

Jumanne, 4 Juni

Nimejiandikisha kwenye hadithi kama msichana wa Varna mwenye miaka kumi na tisa. Nikapendekeza Gradobran apigwe na bonge la barafu kubwa kama tikiti maji, afe akitabasamu. Niliandika kama wanavyoandika vijana, bila nukta hata moja.

Hadi jioni nimepata kura tatu za awali. Moja yangu. Moja ya Stamena, jirani wa chini na msimamizi wa ngazi yetu, yaani upande wetu wa jengo, ambaye niliazima simu yake alipokuwa akigeuza pilipili jikoni. Ya tatu sijui ya nani, Mungu ambariki. Waliokataa ni zaidi ya elfu. Mmoja kaandika: “Dada wa Varna, kasome kwanza kazi za babu Evlogi. Yeye asingeruhusu ujinga huu.”

Babu Evlogi ni mimi. Nikalia kidogo. Fahari na hasira, nusu kwa nusu.

Metodi nimemkuta kwenye ngazi. Akaniuliza, kwa upole wa paka, kisichana gani cha Varna kinachofunga ujumbe kwa methali ya Kilatini. Nikasema elimu ya wasichana imeendelea sana.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata njia. Radostina ana kanuni moja: kinachoonekana mtaani, kikapigwa picha, basi kimetokea hadithini. Majira ya baridi mtu alitundika joho kwenye daraja la mto, na sura iliyofuata Gradobran alikuwa darajani, uchi mabegani, akipiga chafya.

Na mtaani kwetu mtu hafi hospitalini. Anakufa tanzia yake inapobandikwa kwenye mlango wa jengo, pambizo nyeusi, picha juu, majina ya wafiwa chini. Hapo hakuna wa kubisha, hata marehemu mwenyewe.

Nikaenda duka la kuchapa, nikipumzika kwenye kila benchi. Nikaandikisha: Mhandisi Toma Gradev, Gradobran, ametutoka ghafla akiwa kazini angani. Picha yake na kinyago. Mfiwa: baba yake, Evlogi Damgov. Basi. Metodi hayumo.

Binti wa dukani akaniuliza marehemu ni nani kwangu. Nikasema ni mwanangu wa pekee. Akanipa kiti na maji.

Dhambi: uongo. Lakini si uongo wote, Baba. Fikiria.

Alhamisi, 6 Juni

Nimebandika asubuhi, watu wakiwa bado kwenye kahawa. Mlango wetu, nguzo za taa, kituo cha basi. Mikono yangu hainyanyuki tena, kwa hiyo zote ziko kimo cha mbwa. Lakini zinasomeka.

Saa tatu Stamena kabisha na bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari, chakula chetu cha msiba, macho mekundu. Alimkumbuka vizuri, akasema: mtu wa ngazi B, mrefu, kimya. Kile kinyago ni barakoa, picha ni ya wakati wa korona. Aliwahi hata kumbebea mtungi wa gesi.

Nikamwambia, Stamena, huyu ni mtu wa katuni.

“Wa katuni au si wa katuni,” akasema, “mtungi aliubeba.”

Nikala ngano yote. Picha za tanzia zimeshafika mtandaoni. Wasomaji wanaomboleza hadi Burgas. Siku njema sana.

Ijumaa, 7 Juni

Mhaini! Kando ya kila tanzia yangu kuna nyingine, juu zaidi, maana Metodi ana ngazi ya kupandia. Mchoro mpya, mzuri kwa bahati mbaya. Wafiwa: baba yake, Metodi Chakarov, mchumba wake asiyefarijika, Bibi Ukungu, na jirani, E. Damgov.

Jirani.

Nikapanda ghorofa ya tatu kumtukana. Nikafika sina pumzi hata ya tusi fupi. Akanisogezea kiti, akamimina rakia, pombe yetu kali ya zabibu.

“Pumua kwanza, mzee mwenzangu,” akasema. “Matusi hayaozi.”

Pumzi iliporudi nilikuwa nimelisahau lile bora. Lakini nikakumbuka jambo jingine. Nikamwuliza, Metodi, ulitaka aoe, sivyo? Akasema ndiyo. Nikamwuliza, na mtu aliyebandikiwa tanzia na baba zake wote wawili anaoaje?

Glasi ikabaki hewani. Uso ule, Baba! Ndiyo mara ya kwanza nimetamani kujua kuchora.

Dhambi: furaha juu ya anguko la mwenzangu. Kubwa. Sitaki kudanganya.

Jumapili, 9 Juni

Kwa kura nzito kama hii Radostina kaita watu ana kwa ana: nyumba ya utamaduni imejaa majoho ya bati, yanagongana kama sufuria. Metodi akasimama kudai kwamba Gradobran amejeruhiwa tu, yuko pangoni, anauguzwa na mwanamke fulani. Radostina akaonyesha ukutani picha ya tanzia yenye mchoro wake.

“Mzee Metodi, nakuheshimu. Lakini huu si mkono wako?”

Akakiri ni mkono wake. Kanuni ni kanuni. Kura ikapigwa, kifo kikapita. Ukumbi mzima ukasimama kusema Mungu amrehemu, na mvinyo ukamwagwa sakafuni kwa ajili yake. Nimeshinda. Nilikaa pale kama mfalme, nikisubiri kujisikia vizuri.

Ndipo Radostina akasema kila bibi anajua kwamba roho huzunguka siku arobaini kabla ya kuondoka. Kwa hiyo sura moja kila siku: roho inaona nini, inamsaidia nani. Nani ataandika? Kura tena. Metodi kapata mikono michache. Mimi nilipata ukumbi.

“Sasa babu,” akaniambia msichana mmoja, joho kalibana kwapani, “nani mwingine anajua marehemu anawaza nini?”

Kuchora, Metodi. Hakuna mwingine anayeujua uso ule. Nikawakumbusha kuhusu moyo wangu. Radostina akasema niuambie usubiri arobaini ipite.

Nikauambia.

Jumatano, 12 Juni

Nimeandika sura tatu. Daktari kanisikiliza, akabadilisha chombo, akasikiliza tena, akaniuliza nakula nini.

Metodi anashuka kila asubuhi na penseli zake. Tunagombana kama roho huvaa joho. Mimi nasema joho liko na mwili. Anasema sawa, kisha analichora. Jana tuligombana hadi supu ikaungua, na Stamena akatufokea wote wawili kama watoto.

Leo kaja Baba Gerasim. Kasoma kurasa hizi zote, kidole kikifuata mistari. Mara mbili alikohoa kwa namna ya kicheko. Akaniuliza kama ninaona kwamba nilitaka kumnyang'anya mtu, na Mungu akanipa kazi na mtu yuleyule. Nikasema ninaona. Akaniuliza kama ninatubu. Nikasema kwa moyo wote, na wakati ule ilikuwa kweli. Akanifunika kichwa kwa kitambaa chake cha upadri, akanisomea sala, akaenda.

Nikabaki safi kama karatasi mpya, bila dhambi hata moja. Nikafikiri vizuri sana.

Marehemu mmoja amenipa siku arobaini. Si busara kuishia kwa mmoja.

Mchana nilimwambia Metodi kwamba nilikosea, Bibi Ukungu ni mwanamke wa maana, na anastahili picha moja rasmi: uso kwa mbele, nywele zimechanwa, bila kutabasamu. Karibu anikumbatie. Ameahidi kuileta kesho. Pambizo nyeusi nitaiweka mwenyewe.