Madai ya Kurudishiwa Ugomvi Wangu Ulioharibiwa Baharini

Bi. Geraldine Sobczak,
Bayonne, New Jersey.
14 Oktoba.

Kwa Mkurugenzi wa Malalamiko,
Kampuni ya Meli za Starehe ya Upepo Mwanana.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: UGOMVI WA MIAKA TISA ULIOHARIBIKA NDANI YA MELI YENU

Nakusalimu kwa heshima zote nilizoshuka nazo melini. Mimi ni mjane wa miaka sabini na moja, dereva mstaafu wa basi la shule. Si mtu wa kulalamika. Maishani mwangu nimeandika barua za namna hii tatu tu, moja kwa halmashauri kuhusu mashimo ya barabarani na mbili kwa watengenezaji wa mkate fulani. Nakuomba basi uisome hii ukiwa umekaa.

Tarehe 12 Septemba nilipanda meli yenu hapa Bayonne, dakika kumi kutoka mlangoni kwangu, kwa safari ya siku saba kwenda Bermuda na kurudi. Binti aliyeniuzia tiketi aliniuliza, "Bibi, unajua lakini kwamba huu ni msimu wa vimbunga?" Nikamwambia najua, na ndiyo maana nanunua. Wengine hukimbilia safari za Septemba kwa sababu ya bei. Mimi nilitaka kuwa mahali ambapo dadangu Lottie hawezi kuwapo.

Lottie Maslanka ni dadangu mkubwa, miaka sabini na minne, na anaogopa maji tangu utotoni. Hata beseni la kuogea hulijaza hadi vifundo vya miguu tu. Miaka tisa iliyopita, kwenye chakula cha mchana baada ya kumzika mama yetu, alionja pierogi nilizoleta, zile sambusa zetu za kuchemsha zenye viazi na jibini tumboni. Akaweka uma chini. Akasema mbele ya Padri na waombolezaji sitini, "Hizi ni za dukani." Tangu siku ile hatukusemezana.

Ndugu Mkurugenzi, ningependa uelewe kwamba ule haukuwa ugomvi wa ovyo. Ulikuwa na utaratibu. Lottie alisali misa ya saa mbili, mimi ya saa nne na nusu. Buchani yeye alikwenda Jumanne, mimi Alhamisi. Muuza nyama alikuwa akituwekea soseji kwenye rafu mbili tofauti. Tatizo lilikuwa siku moja tu kwa mwaka, Jumamosi ya tatu ya Septemba, parokia inapofanya karamu yake, kwa sababu karamu ni moja na ukumbi ni mmoja. Mwaka huu nikaamua nimwachie ukumbi, mimi nichukue bahari. Yaliyotokea baada ya hapo ni makosa yenu, na nayaorodhesha.

1. Mlinipa chumba namba 7112. Sina neno nacho, kitanda kilikuwa safi na kila siku mtu alinikunjia taulo likawa tembo. Lakini siku ya kwanza tu, nikipanga nguo zangu nne za kuogelea kwenye droo, nilisikia mtu wa 7114 akisafisha koo. Mara tatu, halafu kimya, halafu mara moja ya mwisho kama anayepiga muhuri. Hicho ni kikohozi cha ukoo wetu. Babu alikuwa nacho. Nikafungua mlango wa roshani yangu, naye akafungua wa kwake, tukatazamana juu ya kile kiukuta. Lottie alikuwa amevaa jaketi la kuokolea juu ya gauni. Baadaye nilikuja kujua kwamba naye alikuwa ameamua kuniachia ukumbi, na alichagua msimu wa vimbunga akiamini kwamba mimi, ninayempenda daktari wangu na kumtii, singethubutu kupanda meli.

2. Mhudumu wenu wa chumba cha kulia, kijana wa Kifilipino aitwaye Rodel, alituweka meza moja. Nilimweleza kwa upole kwamba yule mama simfahamu. Akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Mama, pua hizi zimetoka kiwanda kimoja. Kaeni, supu inapoa." Siku mbili tulizungumza kupitia kwake. Lottie alikuwa akimwambia, "Mwambie mama huyo chumvi iko mbele yake." Mimi namwambia, "Mjibu mama huyo kwamba daktari wake alimkataza chumvi mwaka alipofanyiwa upasuaji wa nyonga." Lottie akageuka, akaniuliza moja kwa moja, "Wewe umejuaje kuhusu nyonga yangu?" Ndugu Mkurugenzi, nililazimika kujibu. Nilikuwa nimepiga simu hospitali kila siku kwa wiki mbili nikijifanya mtu wa parokia. Siri hiyo niliitunza miaka minne, ikanitoka mbele ya bakuli la supu ya uyoga.

3. Siku ya tatu Nahodha Halvorsen alitangaza kwenye vipaza sauti, "Mabibi na mabwana, Kimbunga Prudence kimeamua kwenda Bermuda. Sisi tumeamua kutokwenda." Kisha akageuza meli, akatupeleka Halifax, Kanada.

Simlaumu Nahodha kwa kutuokoa. Namlaumu kwa baridi. Abiria elfu tatu wenye kaptura na kofia za majani tulishushwa gatini kwenye mvua inayonyesha kwa ubavu. Tulilivamia duka la ukumbusho kama nzige. Mimi nilipofika rafuni ilikuwa imebaki sweta moja, ya kipimo cha mkata magogo, nyekundu, yenye picha ya kambakoche kifuani. Niliishika mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umeshikwa na Lottie. Tukavutana bila kusema neno, maana hatukuwa tumefikia hatua ya kusemezana nje ya meza. Mwenye duka, Mkanada mwenye adabu zilizopita kiasi, akatuambia, "Samahani sana, akina mama, samahani, lakini nadhani mnaenea wote wawili."

Tulienea. Lottie aliingiza mkono wake upande mmoja, mimi wangu upande wa pili, vichwa viwili vikatokeza kwenye shingo moja, na tukatembea hivyo gati nzima kwa sababu kuivua kulihitaji msaada. Watu walitupiga picha. Mzee mmoja alivua kofia akatuachia njia. Pale karibu na ngazi za meli Lottie alisema, akitazama mbele, "Gerry, kambakoche huyu ananitekenya." Nikacheka. Sikukusudia. Yeye akacheka pia, na mtu ukishiriki naye sweta, kicheko chake kinakupitia mbavuni kama gari la moshi. Ndicho kilichokuwa kicheko chetu cha kwanza pamoja kwa miaka tisa, na kimetokea chini ya usimamizi wenu.

4. Safari ya siku saba ikawa ya siku kumi na mbili. Kimbunga kilipomalizana na Bermuda kilitufuata kaskazini, bandari zote za huku zikafungwa, nasi tukabaki tunazunguka nje kama basi lililokosa maegesho. Mlifunga mifuko ya kutapikia kwenye vishikio vya ngazi, mkagawa matofaa ya kijani na biskuti kavu. Huduma nzuri, nashukuru. Lakini siku ya tisa, saa tisa alasiri, mliendesha bingo, ule mchezo wa kufuta namba kwenye kadi, kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilikuwa nimebakiza namba mbili. Mama mtangazaji alikuwa anasoma namba ya herufi G, meli ikalala ubavu. Haikuyumba, ililala. Viti vikaondoka na watu wake. Kadi, vikombe, miwani, bibi mmoja na mkoba wake, vyote vikatelemka kwenda ukutani, na taa zikazimika zikawaka. Mimi niliendesha basi la shule miaka thelathini na moja kwenye barafu ya New Jersey, siogopi kirahisi. Pale niliogopa. Nikamwona Lottie amekumbatia nguzo, na lile jaketi lake la kuokolea siku hiyo hakulivaa, kwa sababu asubuhi nilimwambia linamfanya aonekane kama ndizi. Nilitambaa kwa magoti hadi kwake nikamshika.

Alikuwa mweupe kama karatasi. Akanambia sikioni, "Gerry, kama ndiyo mwisho, nisikie. Zile pierogi zilikuwa nzuri. Nilisema za dukani kwa sababu mama aliwahi kusema zako zinazishinda zangu, nami sikuwa na kitu kingine cha kumrushia mtu siku ile."

Sasa fikiria hali yangu. Meli imelala, dadangu anaungama, na mimi nina dhamira. Nikamwambia, "Lottie, zilikuwa za dukani."

Akaniachia. Akanitazama. "Za dukani?"

"Za duka la kona. Nilizihamishia kwenye bakuli la mama. Sikuwa na nguvu za kupika, Lottie. Nilikuwa nalia."

Meli ikajiinua polepole, yeye bado ananitazama. Kisha akaanza kucheka, kwanza bila sauti, mabega tu. Miaka tisa alikuwa akijuta kunisingizia, na kumbe alikuwa amepatia. Miaka tisa mimi nilikuwa nimenuna kwa kusingiziwa jambo nililolifanya. Tulicheka tumelala sakafuni katikati ya kadi za bingo, hadi mama mtangazaji, akiwa ameshikilia meza kwa mikono yote miwili, akauliza kwenye kipaza sauti kama kuna mtu amepata.

5. Hasara. Tangu kurudi nyumbani Lottie hunipigia simu kila asubuhi saa moja kunieleza alichoota. Tunasali misa moja, na Padri alipotuona tumekaa benchi moja alisahau mahali alipofikia kwenye mahubiri. Muuza nyama amebaki na rafu tupu. Lakini mwathirika mkubwa ni rafiki yangu Helen Twardy, ambaye alichukua upande wangu tangu siku ya kwanza, na kwa miaka tisa hajagusa keki ya mbegu za popi ya Lottie, iliyo tamu kuliko zote parokiani. Wiki iliyopita alikuja kwangu akaniuliza, "Geraldine, nijibu kama Mkristo. Mimi nimeteseka kwa ajili ya nini?" Nikamwambia jibu nitalitafuta kwenu. Natumaini ninyi mnalo.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, kampuni inirudishie ugomvi wangu katika hali uliyokuwa nayo tarehe 12 Septemba, asubuhi, kabla ya kupakia mizigo. Ikishindikana, Nahodha Halvorsen amwandikie Helen Twardy barua ya kuomba radhi, kwa mkono wake, na aeleze kimbunga kilihusikaje. Rodel apandishwe cheo haraka, awe mbali na meza, kwa kuwa mtu mwenye jicho lile hafai kuachiwa kuwapangia wateja viti. Na kwenye matangazo yenu ya safari za Septemba, pale mnapoandika kwamba ratiba yaweza kubadilika kutokana na hali ya hewa, muongeze kwamba hata undugu waweza kubadilika, ili abiria mwingine mwenye ugomvi wake mzuri aujue ukweli kabla ya kulipa. Haki ikikosekana kwenu nitakwenda kwa mbunge wa jimbo, na yeye akishindwa nitamwandikia Baba Mtakatifu, maana suala la misa linamhusu.

Nawatakia bahari tulivu, mradi isiwe tulivu sana kwa wanaostahili kutikiswa. Msalimieni Nahodha, msalimieni Rodel na mkewe aliyejifungua juzi, mama wa bingo, yule anayekunja tembo wa taulo, na mwenye duka wa Halifax mkipita tena, mwambieni tulifanikiwa kuivua.

Ni mimi niliyesafiri salama na kurudi na hasara,

Geraldine Sobczak (Bi.)

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari imo kwenye bahasha leo asubuhi Lottie alipokuja na keki. Akaomba aisome. Alikuwa karani wa shule kwa miaka mingi, nami nilikuwa nimelisahau hilo. Alitoa kalamu nyekundu mkobani, akapata makosa kumi na manne, na pembeni ya aya ya pili akaandika, "Maneno mengi mno." Nikamwambia hakuna aliyemwomba kusahihisha. Akaniambia mtu asiyejua koma inakaa wapi asiandikie makampuni. Nikamwambia nilichomwambia, naye akanijibu alichonijibu, na tangu saa nne hatusemezani. Kwa hiyo madai yangu yote nayafuta, ugomvi nimeupata, tena mpya kabisa. Sasa ni saa kumi jioni. Lottie bado yuko jikoni kwangu, ameshapika chai mara mbili, kikombe chake na changu. Amenipitishia kikaratasi chini ya mlango wa chumba nilichomo, kwa kalamu ileile nyekundu, kunijulisha kwamba angependa sana kwenda kwake, lakini kwa kuwa hatusemezani hana namna ya kuniaga, na kuondoka nyumba ya watu bila kuaga ni utovu wa adabu, kwa hiyo itabidi alale hapa.