Kilomita Zinazokonyeza

Jumatatu, 3 Novemba

Dada Sitti amekuja. Si kunisalimia. Kukagua gari. Kamzunguka Sultana mara mbili kama mtu anayenunua mbuzi wa Idi. Kagonga mlango. Kanusa viti. Kafungua buti, kaona yaliyomo, kafunga haraka. Nikavumilia. Sultana ni gari la heshima, rangi ya chai ya maziwa. Kutu ni kidogo tu, na iko upande ambao bibi harusi hakai.

Kisha kaingiza kichwa dirishani akasoma kilomita. Laki tatu na themanini elfu na ushee. Dada anauza vitambaa Kisenyi, hapa Kampala, tangu tuko vijana, tarakimu hazimpiti.

"Abudu," akasema, "gari hili limechoka kuliko wewe."

Ndio imekwisha hivyo. Tangu gari la kukodi lilipomfia binti yake Farhana njiani, maskini akafika kwenye harusi yake kwa bodaboda, shela kaliuma kwa meno, Dada haamini chombo kilichotembea dunia. Jumapili, siku ya harusi yake, mjukuu wangu Zuleika atapanda gari la jirani yetu Hajji Yasiin. Mimi nitabeba sufuria za pilau.

Sufuria! Zuleika nimemlea mimi. Nilikuwa nampeleka shule ya watoto, yeye na kijikoba chake, na kila asubuhi namwambia: siku ya harusi yako pia dereva ni mimi. Mtoto akaamini. Leo ananitazama, hasemi kitu. Bora angesema.

Hajji Yasiin, ieleweke, alinunua gari lake baada ya kuliona langu. Aina ile ile, mama mmoja baba mmoja, ila lake jeupe na limetoka Japani juzijuzi tu. Kilomita elfu arobaini. Hilo amemwambia kila mtu msikitini, hata waliokuwa wanavua viatu.

Nimefikiri sana. Tatizo si gari. Tatizo ni tarakimu. Na tarakimu hubadilishwa.

Jumanne, 4 Novemba

Gereji kwa Okeny, nyuma ya maduka ya Wasomali. Okeny ni makanika mzuri, kasoro yake moja: anazungumza. Nikamwambia nataka dashibodi nyingine, yenye kilomita za adabu. Anayo. Imetoka kwenye gari la aina yangu lililogonga nguzo. Elfu hamsini na moja. Moyo wangu ukaruka kama wa kijana.

Akaanza mahubiri. Ati gari la siku hizi lina ubongo mahali pengine, na ubongo unakumbuka lilikotoka. Ukilivisha uso wa mwenzake, litajua, na litasema. Nikamwambia nimeendesha malori mpaka Juba kabla baba yake hajaoa. Akanyamaza. Nadhani alinyamaza kwa heshima.

Akafungua skurubu, akatoa uso wa zamani, akatia mpya. Uso wa zamani nikamwachia. Nani anataka kuona laki tatu na themanini tena? Nikatoka na Sultana wangu, msichana wa elfu hamsini na moja!

Sijafika hata kwenye kona. Tarakimu zikazima. Zikawaka. Zikazima. Zikawaka. Nikasimama, nikazifuta kwa leso. Zikawaka, zikazima. Umri huu wote, hakuna aliyenikonyeza mara nyingi namna ile.

Na yule mama wa Kijapani anayekaa ndani ya redio, ambaye kila nikiwasha gari husema neno lake moja na kunyamaza, leo kasema maneno mengi. Sikuelewa hata moja ila sauti ilikuwa ya mtu anayeshtaki.

Jumatano, 5 Novemba

Siku ya ufundi wangu mwenyewe.

Kwanza, nimeng'oa waya wa betri nikaenda kuswali adhuhuri, ili gari lisahau. Nimerudi. Limesahau saa. Limesahau stesheni zangu za redio. Kukonyeza halijasahau.

Pili, nimezima na kuwasha, nimezima na kuwasha, mpaka mama wa Kijapani akakatika katikati ya maneno.

Tatu, fyuzi. Nimezitoa zote, nikazipuliza moja moja, nikazirudisha zote. Mkononi ikabaki moja. Ilitoka wapi? Kila tundu nililoliona lina mwenyewe. Nikaitia mfukoni. Baadaye nikagundua honi haipigi. Kuendesha Kampala bila honi ni kwenda sokoni bila ulimi. Lakini kitu kimoja kwa wakati.

Nne, nimepiga dashibodi ngumi. Zuleika akanikuta. Akauliza nampiga nani. Nikasema mbu. Akachungulia, akaona tarakimu zinawaka na kuzima, akauliza gari lina nini. Nikasema lina furaha ya harusi yake. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka akasema polepole kwamba yeye hajali kilomita, ila bibi Sitti ndiye mwenye harusi, na bibi akisema neno limekwisha. Akaingia ndani.

Hapo nikaona siwezi kuacha.

Habari njema moja: mshale wa mafuta. Tangu jana uko nusu, nimezunguka mji mzima, bado uko nusu. Dashibodi hii ina baraka.

Alhamisi, 6 Novemba

Kwa Okeny tena. Kaangalia, kacheka, kafuta macho kwa mkono wenye grisi. Anasema alinionya. Anasema kuna fundi mwenye kompyuta anayeweza kuupatanisha uso na ubongo, lakini kaenda kwao Gulu, atarudi Jumatatu. Ama turudishe uso wa zamani sasa hivi. Uko pale, kwenye rafu.

Nikautazama. Ukanitazama. Nikafikiria sufuria.

Nikasema hapana. Okeny akataka kuangalia na ile honi, na mafuta pia, ati mshale wa dashibodi ya kuazima si wa kuaminiwa. Nikamwambia anaona kila kitu kibovu kwa sababu anakula kwa vibovu. Nikaondoka.

Ijumaa, 7 Novemba

Dada Sitti kanivamia baada ya swala, mbele ya watu. Kasikia nimetengeneza gari. Anataka kuona. Nilikuwa nimetandika kitambaa cha kufuma juu ya dashibodi, kile cha maua mekundu, kama tunavyopamba sisi Wanubi gari la harusi. Nikasema ni mapambo. Akakivuta.

Elfu hamsini na moja. Kimya. Elfu hamsini na moja. Kimya.

Akauliza zile kubwa za Jumatatu zimekwenda wapi. Nikasema zilikuwa za dashibodi mbovu, hizi ndizo za kweli. Huo ulikuwa uongo mdogo, wa kupasha misuli. Akauliza, mbona zinawaka na kuzima? Hajji Yasiin alikuwa nyuma yake, meno yote nje, anasubiri nianguke.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema magari mapya yote yanafanya hivyo. Ndiyo dalili. Gari linamwambia dereva: niko macho, nina afya. Gari lililozeeka tarakimu zake hutulia tu, kama macho ya samaki wa juzi.

Dada akafikiri. Akageuka polepole.

"Hajji," akasema, "na lako linakonyeza?"

Hajji akasema la, lake limetulia, ni zima kabisa. Dada akamwangalia kwa huruma. Akatangaza pale pale kwamba bibi harusi anapanda la Abudu. Sufuria zinakwenda kwa Hajji.

Nimekula sambusa sita.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeosha Sultana. Nimefunga riboni. Dada kaleta chetezo akafukiza udi ndani, milango imefungwa, mimi nikiwemo, maana hakuniona. Nimekohoa mpaka magharibi.

Mchana nilimpitia Zuleika ndani, amekaa na hina mikononi, hawezi kushika kitu. Nikamlisha chungwa. Akauliza kama ni kweli kwamba mimi ndiye dereva. Nikasema mimi ndiye. Akasema, "Basi sasa nimeanza kuona kama harusi." Nikatoka nje kuangalia upepo wa matairi, ingawa matairi hayakuwa na shida.

Nimemwona Hajji Yasiin akiingia gereji kwa Okeny. Gari jipya lina shida gani? Nimefurahi bila kujua sababu. Ndiyo furaha bora.

Jumapili, 9 Novemba

Nimechoka, lakini lazima niandike.

Asubuhi Hajji kaja na gari lake jeupe, kalipaki mbele ya Dada, kafungua mlango kama mwenye hoteli. Akamwomba atazame. Tarakimu zake nazo zinawaka na kuzima! Usiku mmoja tu kajifunza kukonyeza. Dada akavaa miwani, akainama, akasoma. Akasoma tena.

"Hajji, hili jana lilikuwa elfu arobaini. Leo lina laki tatu na themanini. Ulilala nalo wapi?"

Nikasogea nikaona. Wallahi, ni zangu! Hata mkwaruzo wa kioo ni ule wa funguo zangu. Alimwambia Okeny amfanyie gari likonyeze kama la Abudu, na Okeny, ambaye sasa kachoka kuonya wazee, kamtia dashibodi pekee iliyokuwa kwenye rafu. Hajji akanitazama. Nikamtazama. Hakuna aliyeweza kusema bila kujichongea. Akaenda kupakia sufuria.

Tukaondoka. Mbele mimi na Sultana. Kiti cha nyuma, Zuleika na Dada. Nyuma yetu Hajji na pilau. Kisha magari ya watu. Ukumbi uko Nsambya, juu kilimani. Honi haipigi, na msafara wa harusi bila honi ni mazishi. Dada akauliza. Nikasema ni ustaarabu mpya. Akateremsha kioo akaanza kupiga vigelegele mwenyewe, kwa pumzi ya mwanamke wa miaka sabini na tano. Bodaboda zikatupisha.

Katwe, katikati ya mafundi vyuma, Sultana akakohoa mara moja. Akatulia. Tarakimu zikaendelea kukonyeza, lakini injini kimya.

Nyuma, vigelegele vikakoma. Sikugeuka. Nilijua sura aliyonayo Dada. Niliiona siku ya Farhana.

Mafundi wakaja na nyundo mikononi. Mmoja akasema ni mafuta. Nikamwonyesha mshale: nusu! Akasema huenda mshale unadanganya. Nikamwambia gari langu halidanganyi. Mwingine akasema afuate petroli na kidumu, ni hapo tu. Nikakataa. Petroli ya nini, kwenye gari lenye nusu tangi? Nikafungua boneti nikatazama injini kwa hasira. Haikuogopa.

Dada akamwambia Zuleika ashuke, ahamie kwa Hajji, akae kando ya sufuria. Zuleika hakushuka. Akasema kwa sauti ya chini, lakini wote tulisikia, kwamba dereva wake ni babu yake na atafika naye.

Basi Hajji, bila kuambiwa, akatupita, akarudi nyuma taratibu, akatoa kamba. Akaifunga mwenyewe, na kanzu yake nyeupe. Nilimshikia kofia.

Tukapanda Nsambya hivyo. Laki tatu na themanini inavuta elfu hamsini na moja. Mafundi wa Katwe, kwa kuona hatuna honi, wakagonga mabati na sufuria zao mpaka tukatoweka. Hakuna harusi mjini iliyopata honi kama ile. Dada akasahau hasira, akarudia vigelegele. Mimi usukani nimeushika kwa mikono miwili, nakata kona kwa ustadi, ingawa kamba ndiyo iliyokuwa inakata.

Mlangoni nikamfungulia Zuleika. Akanishika mkono kwa hina yake.

"Babu, uliniahidi utanileta," akasema. "Hukusema nani atakuvuta wewe."

Macho yangu yalikuwa na moshi wa udi. Wa jana.

Jumatatu, 10 Novemba

Okeny kamwaga petroli kidumu kimoja. Sultana kaunguruma papo hapo. Bahati tu. Ingeweza kuwa kitu kingine.

Kairudisha na fyuzi kwenye tundu lake. Fundi wa kompyuta keshafika kutoka Gulu, na Hajji Yasiin anataka turudishiane: yeye apate uso wake, mimi niuchukue wangu. Nimemwambia nitafikiri. Dada Sitti keshawaambia wanawake wote Kisenyi kwamba gari zima hukonyeza, na tayari kuna harusi mbili zinaniulizia. Siwezi kuangusha soko kwa ajili ya ukweli.

Jambo jingine. Jana ukumbini, shoga yake Dada, Bi Nabalayo, mjane, mcheshi, kaniuliza umri wangu. Nikasema hamsini na kitu. Akatazama ndevu zangu. Nyeupe zote, zinasoma laki tatu na themanini.

Nimenunua piko nyeusi ya kupaka ndevu. Kinyozi kasema kwanza nijaribu tone moja nyuma ya sikio, nisubiri siku nzima, kwa sababu ngozi nyingine hukataa. Huyu naye anazungumza kama Okeny. Nilikuwa nanyolewa kabla baba yake hajaoa.

Nimepaka zote. Zimekuwa nyeusi tii. Kidevu kinawaka. Kimetulia. Kinawaka.