Sentimita Tano za Maman Chilufya

Guelor Mwenze alikuwa na macho mawili kama binadamu wengine, ila yake hayakuwahi kutazama kitu bure. Asubuhi moja, mvua za kwanza zikiwa zimeshaanza, alikuwa mtaa wa Hewa Bora, pale wanapooshea magari, akingoja gari lake dogo jekundu likaushwe kwa kitambaa laini. Mara ikaingia pick-up moja nyeupe iliyosahau weupe wake. Tope lilikuwa limepanda hadi vioo. Bomba la moshi lilikuwa limefungwa kwa waya wa ua.

Akashuka mama wa miaka hamsini na kitu, mpana wa mabega, kitenge kiunoni na mabuti ya mpira miguuni. Akalipiga teke gurudumu la mbele.

"Hii motokari iko chini sana," alisema kwa sauti, bila kumsemesha mtu. "Kila jiwe ya njia ya Pweto, kule ku ziwa, inajua tumbo yake."

Mtu mwingine angesikia malalamiko. Guelor alisikia kengele ya misa. Alifunga kifungo cha koti, akavuka madimbwi kwa ncha za viatu vyake vilivyochongoka.

"Jambo yenu, Maman. Samahani, minasikia unaitukana motokari. Haina kosa, masikini. Miguu yake tu njo mifupi. Shiye tunairefusha."

Akampa kadi iliyoahidi springi, urefu na fahari. *Ingénieur Guelor: Suspension, Hauteur, Prestige.* Ni haki tuseme kwamba shahada hiyo ya uinjinia aliipata siku moja tu, kati ya saa nne na saa nne na nusu, kwa mchapaji wa kadi nyuma ya soko.

"Munarefusha na nini?" aliuliza mama.

"Na science, Maman."

"Ah," alisema yule mama, naye jina lake lilikuwa Chilufya. "Kama ni science, nitakuya kesho."

Sasa, science yenyewe ilikuwa hivi. Mjini Lubumbashi kila mwenye pick-up anataka iwe ndefu kuliko ya jirani, hasa kule mtaa wa matajiri wa Golf, ambako gari refu hutazama juu ya kuta za watu. Guelor alikodi springi na matairi ya kweli kwa siku moja, akayafunga kwenye gari la mteja na kumwacha azunguke mtaa akifurahi. Mteja akirudi na kulipa, Guelor alimwambia gari linahitaji "serrage final", kukazwa kwa mwisho, akafunga mlango wa karakana. Nyuma ya mlango huo vitu vya kweli vilitoka, vikaingia vipande vya mti wa mukwa vilivyopakwa rangi ya chuma, pamoja na matairi makuukuu yaliyochongwa meno upya kwa kisu cha moto, kisha yakasuguliwa kwa cirage, dawa ya viatu. Yaling'aa kama paji la askofu. Maître Rigobert, wakili wa Golf, alikuwa akiendesha gari juu ya mbao hizo tangu Pasaka. Kwa kuwa gari lake lilitoka nyumbani kwenda kanisani tu, mbao hazikuwa na sababu ya kulalamika.

Kesho yake Maman Chilufya alifika kweli. Karakana ilikuwa ua wa matofali wenye bati nusu, na ndani yake alikuwemo Osée, fundi wa miaka karibu sitini, mtu wa maneno machache. Yeye ndiye aliyefanya kazi ya mikono. Guelor alifanya kazi ya mdomo, ambayo alisema ndiyo inayochosha zaidi.

"Maman, minakupendekezea sentimita kumi na tano," alianza Guelor. "Na mipila mikubwa ya mwisho. Ukipita, bantu batavua kofia."

"Sentimita kumi na tano, mie nitapanda na nini? Na ngazi?"

"Tutaweka marchepied, pahali ya kukanyaga."

"Na mifuko ya mahindi, itapanda na marchepied?" Alizunguka gari polepole, mikono nyuma. "Tena minauliza tu, sababu sijui bintu ya science. Nikibeba samaki mpaka juu, ku kona ya kilima haitalala?"

"Hailalake. Ni suspension ya Australie."

"Kule Australie hakuna kona?"

Osée, aliyekuwa chini ya gari, alikohoa.

"Kona iko," alisema Guelor, "lakini ni ya adabu."

"Na mipila mikubwa vile, ukikata usukani haigusi hii tôle, hii bati ya pembeni?"

"Inagusa kidogo tu, Maman. Ni massage."

"Na compteur, ile saa ya kupima mbio? Mupila ikiwa mukubwa, compteur haitaanza kudanganya vitesse?"

"Compteur ya kwetu ni mukristu, Maman."

Osée alikohoa tena, safari hii kwa muda mrefu, mpaka Guelor akampiga teke la heshima kwenye soli ya kiatu.

Maman Chilufya alitikisa kichwa kama mwanafunzi aliyeridhika, akasogelea rundo la matairi yaliyong'aa na kuketi juu yake. "Basi mie mujinga nitaomba kidogo. Sentimita tano. Nyuma, lame, zile springi za chuma za kubeba muzigo. Mipila, numero moya tu juu ya hii iko nayo, yenye meno ya tope. Njo tu."

Guelor aliona huruma. Alijisemea kwamba mama huyu ni mtu wa mfuko mdogo, anaogopa ukubwa. Hakuona kwamba Osée alikuwa ametoa kichwa chini ya gari na kumtazama mama yule kama mtu anayesikia lugha ya kwao ugenini.

"Muzuri sana. Na avance, Maman?"

"Silipi kintu yenye sijapanda juu yake. Funga, nijaribu, kisha tutasema."

Kwa kawaida Guelor angegoma, lakini mama alikuwa amefungua mkoba wake kutafuta leso, na ndani ya mkoba kulikuwa na bahasha nene. Guelor aliitazama kwa muda ambao adabu hairuhusu. "Hakuna shida," alisema.

Akaenda mbio dukani kwa Mumba. Mumba aliuza vitu vya kweli kwa bei ya kweli, na hakumwamini mtu aliyevaa viatu vya ncha. Alimtolea springi, amotiseri za kuzuia mtikisiko na matairi manne kwa sharti lile lile la siku zote: gari jekundu libaki uani kwake, funguo na karatasi zake juu ya meza, na Guelor atie sahihi. Vitu visiporudi kabla ya saa kumi na moja, vimenunuliwa, na gari halitoki mpaka bei itimie.

"Mara tatu huu mwaka nilirudisha," alisema Guelor akitia sahihi kwa madaha.

"Mara ya ine sijaiona," alijibu Mumba.

Aliporudi kwa mkokoteni wenye mali, alimkuta Maman Chilufya amesimama, akijipangusa mikono. Osée alikuwa akinyoosha turubai moja pembeni.

Kazi ikaanza. Guelor hakuwahi kumwona Osée akifanya kazi namna ile. Alipaka grisi kila mahali panapostahili grisi. Alipima upande wa kushoto, akapima wa kulia, akarudia kushoto. Aliimba pole pole wimbo wa kwaya. Alizungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho huku akiweka kiganja kati ya tairi na bodi, na kiganja kikapita bila kuguswa.

Guelor alimwinamia. "Osée, usikaze sana. Utafungua leo leo."

"Minakaza vile nilifundishwa."

Saa sita, pick-up ilisimama imara, si ndefu ya kujionyesha, ila tumbo lake liliachana na ardhi kwa heshima. Maman Chilufya aliizunguka mara moja, akagusa springi za nyuma kwa kidole, akapanda.

"Nakwenda kujaribu."

"Osée atakusindikiza," alisema Guelor, kwa sababu yeye hakuwa mjinga wa kuacha mali itembee peke yake. Osée alikuwa tayari ameketi, sanduku la vyombo kwenye mapaja, koti zito begani.

"Koti ya nini? Jua inapasua kichwa!"

"Dirisha inaingizaka upepo," alisema Osée.

Wakaondoka. Guelor aliagiza bukari, yaani ugali, na mboga, akala, akaota ndoto ndogo kuhusu bahasha. Saa nane alipiga simu ya Osée. Haikupatikana. Saa tisa alipiga tena. Saa kumi alianza kutembea ndani ya ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Saa kumi na nusu alikimbilia kwa Mumba, jasho likimshuka kwenye kola.

"Papa Mumba, saa moya tu zaidi. Bako njiani."

"Bote tuko njiani, Ingénieur," alisema Mumba akitazama saa ya ukutani. Ilipotimia kumi na moja kamili aliweka karatasi za gari ndani ya droo, akavuta geti la chuma, akalifunga kwa kufuli mbili. Kupitia upenyo Guelor aliliona gari lake jekundu, limeoshwa, linang'aa, linamtazama.

Hapo kando ya barabara ndipo simu ikaita.

"Ingénieur!" Sauti ya Maman Chilufya ilijaa upepo. "Motokari inatembea kama bibi-arusi!"

"Maman! Muko wapi?"

"Tumepita Kasomeno, ku njia ya Pweto."

Guelor aliketi juu ya ukingo wa mfereji. "Kasomeno? Maman, essai ni kujaribu tu, kuzunguka quartier, hapa ku mtaa!"

"Quartier haina tope."

"Nipatie Osée."

Simu ikabadili mkono, kisha sauti nzito: "Guelor."

"Osée, ndugu yangu. Ulimwambia?"

"Aliikala juu ya mipila yako, akaamuka na kitenge nyeusi ya cirage. Akafunua bâche, ile turubai yako, akaona mbao. Akaniuliza: papa, ungefunga hii ku motokari yenye kubeba batoto yako? Ningejibu nini? Baba yangu alitumika kazi miaka makumi tatu ku atelier ya chemin de fer, kule ku reli. Hata siku moya hakuweka muti pahali ya chuma. Nilikuwa naona haya, Guelor. Kila siku. Sasa niko na kazi kwa Maman."

Simu ikarudi kwa mama. "Miaka kumi na nane niko ku hii njia, Ingénieur. Lame nilizovunja, sizijui hesabu. Nilikuwa natafuta fundi. Aksanti, ulinionyesha."

"Maman, hii ni wizi!"

"Kweli? Basi nikirudia, twende wote ku police. Tubebe ile mipila ya cirage na zile mbao. Na maître Rigobert wa Golf, mwenye Osée alinielezea, atatusindikiza, si ni avocat?"

Guelor alitazama kulia, akatazama kushoto. "Hapana, Maman. Police banatumikaka kazi mingi. Tubaache bapumuke."

"Unasema muzuri. Majuma matatu, nitarudia, nitamulipa Mumba bei yake. Bei yake, si yako. Pale njo motokari yako itatoka."

Majuma matatu! Guelor aliona mbele yake barabara zote za Lubumbashi, ndefu, zenye vumbi, na viatu vyake vya ncha juu yake. Alitaka kukasirika, akajaribu kwa dhati, lakini kitu kilimtekenya kifuani. Kwa miaka minane aliwadanganya mawakili na wakurugenzi, na leo amevuliwa mali yake na mama wa mabuti ya mpira aliyejiita mjinga mbele yake. Kicheko kikamtoka bila ruhusa.

"Njo vile," alisema Maman Chilufya. "Usikasirike, mwanangu. Nitakuletea samaki ya ziwa."

Guelor alipangusa macho. Tangu bukari ya saa sita hakuwa amekula kitu, na biashara ni biashara. "Mubichi ao ya kukausha, Maman?"

"Ya kukausha. Mubichi itaoza mbele ya wewe kufika kwa Mumba kuichukua, sababu sasa unatembeaka na miguu."